Mafuta Yasiyotoka Majini

Mama mdogo Nafula ndiye aliyeuliza. Tulikuwa kwenye chumba cha kuvalishia maiti, mimi na yeye na mhudumu wa mochari aliyesimama mlangoni akiangalia simu yake, na mama yangu alikuwa amelala juu ya meza akiwa ameshaoshwa. Gauni lake la kanisani lilitundikwa kwenye msumari. "Tumpake mafuta," mama mdogo akasema, "ama tumwache vile alikuwa?" Aliuliza kwa sauti ya chini kwa sababu alijua anachouliza. Mtaa wetu wote wa Kaloleni, hapa Nairobi, ulijua vile mama alivyokuwa. Alikuwa amepauka. Tangu nilipokuwa msichana wa kumaliza shule hadi leo, ambapo nina nywele ambazo hakuna mtu awezaye kujua kama ni mvi au ndivyo zilivyozaliwa, mama yangu alitembea katika mtaa ule akiwa na miguu ya rangi ya majivu na visigino vilivyopasuka. Wajukuu walikuwa wakikaa chini mbele yake na kuandika majina yao kwenye muundi wake kwa ukucha, na maandishi yalisomeka vizuri. Yeye alicheka tu. Lakini mwaka ninaotaka kuueleza ulipoanza, mama huyu huyu ndiye aliyeng'aa kuliko mtu yeyote kati ya Kaloleni na Majengo, nasi watoto wake tuling'aa nyuma yake.

Mimi nilizaliwa na ualbino. Nalisema mapema ili tusihangaishane. Watoto wa mtaa waliniita mzungu, na watu wazima walioniita zeruzeru walidhani wananong'ona. Macho yangu hayaoni mbali, yanachezacheza, na kwa hiyo tangu utotoni nimezoea kusikiliza. Naijua nyumba yetu ya wakati ule kwa masikio zaidi: stovu ya mafuta taa ikipumua, mfuniko wa sufuria ya maharagwe ukigongagonga, bomba la nje lililohudumia nyumba zote za upande wetu, na wanawake waliosimama pale wakingoja ndoo zijae huku wakisema mambo ambayo hawangeyasema ndani. Mama alifanya kazi kiwandani, Industrial Area, kwenye kiwanda cha mafuta ya kujipaka, yale mazito ya kwenye makopo. Alirudi jioni akinuka mafuta, na nyumba nayo ilinuka mafuta, hata chapati zetu zilikuwa na harufu hiyo kwa mbali. Kila asubuhi kabla hatujatoka alitupanga mlangoni na kutupaka mmoja mmoja, uso, shingo, mikono, miguu, mpaka nyuma ya magoti. Kutoka nje ukiwa umepauka lilikuwa jambo la aibu. Mtoto aliyepauka ni mtoto asiye na mama, alisema, na hakuna mtu angemwambia yeye kwamba wanawe hawana mama.

Kazi yake kiwandani ilikuwa ndogo lakini aliiheshimu sana. Kila pipa jipya lilipopoa, msimamizi alichota mafuta kidogo, akayapaka kwenye kipande cha kioo, na mama akakitumbukiza kioo kile kwenye karai la maji ya uvuguvugu, akakitikisa na kukitoa. Mafuta yakibaki kwenye kioo na maji yakajikusanya juu yake matone matone, pipa limepita. Yakitoka, pipa linarudi jikoni. "Inashika," mama alisema, na msimamizi akaandika. Alitusimulia hayo mara nyingi wakati wa chakula, na akishika kijiko alikitikisa kidogo hewani kama kioo. Tulimcheka. Sasa nikikumbuka mkono ule ukitikisa kijiko juu ya sahani ya sukumawiki, nasikia baridi.

Kwenye kliniki ya ngozi walinipa losheni ya jua kwenye tyubu ndogo, bure, na muuguzi aliyezitoa alinikagua mwili mzima kila nilipokwenda, kichwani, masikioni, mgongoni, akigusa kwa kidole kila doa. Mama aliichukia losheni ile. Iliniacha na rangi nyeupe ya chaki juu ya rangi yangu nyeupe, na kwake huko kulikuwa ni kupauka kuliko kupauka kwenyewe. "Wananipaushia mtoto," alisema. Lakini alinipaka, kwa sababu muuguzi alimwambia waziwazi kwamba jua litaniua nisipopakwa, na mama alikuwa mtu wa kuogopa anapoambiwa aogope. Alisubiri ikauke, kisha akapitisha juu yake mafuta kidogo ya kiwandani, uso tu, ili nisitoke nyumbani nikiwa kama ukuta uliopakwa chokaa.

Kuogelea nilifundishwa na kijana wa mtaani tuliyemwita Kocha. Alikuwa na jina lake, lakini hata mama yake mzazi alimwita Kocha. Alitufundisha kwenye dimbwi la kuogelea la mtaa wa jirani, mimi na rafiki yangu Shiro aliyekaa mlango wa tatu kutoka kwetu, na pale majini niligundua jambo ambalo bado linanifurahisha nikilifikiria: hakuna aliyekuwa akiona mbali. Maji yanawafanya watu wote kuwa vipofu kidogo. Shiro alikuwa na nguvu kunizidi, ila mimi sikuchoka. Ningeweza kwenda na kurudi hadi Kocha akaondoka kununua chai na kurudi akanikuta bado naenda. Dimbwi lilipofungwa kwa matengenezo mwanzoni mwa mwaka ule, tukiwa tumemaliza Kidato cha Nne na tunangoja matokeo, Kocha alitupeleka kwenye timbo la zamani upande wa Njiru, mahali walipochimba mawe mpaka wakapiga chemchemi wakaondoka. Maji yalikuwa ya kijani juu na meusi chini. Ukinyoosha mguu ulikuta baridi nyingine kabisa, kama mtu amefungua mlango huko chini. Wavulana wa pale walituambia majina ya waliozama, wakiyataja kwa zamu, bila huzuni. Mimi niliogopa maji yale. Hakuna aliyenionya kuhusu kilichokuwa juu ya kichwa changu, mahali pasipo na paa wala mti, jua likigonga kuta za mawe na kurudi likinipiga mara ya pili.

Kocha alikuwa na wazo. Mwishoni mwa mwaka kungekuwa na mashindano ya kuogelea ziwani, kutoka ufuoni hadi kwenye kisiwa, na alitaka sisi wawili twende. Alikuja nyumbani Jumapili baada ya kanisa. Nilikuwa nyuma ya pazia lililotenga kitanda, nikajifanya nimelala, na mama akamwekea chai na mkate uliopakwa siagi.

"Mama, huyu msichana ako na pumzi sijawahi ona," Kocha akasema. "Akivuka, kuna watu wanaweza msomesha. College, kila kitu."

"Masaa ngapi kwa jua?"

"Kama asubuhi mzima. Na kidogo ya mchana."

 Nilimsikia mama akikoroga chai ambayo alikuwa ameshaikoroga. "Hii losheni yake ya kliniki," akasema, "akiingia maji inatoka. Mimi nimeona. Inaelea juu ya maji kama maziwa imeharibika."

"Si tutamrudishia kwa boti, mama. Sunscreen yote inarudiwa."

"Kitu ya kurudiarudia ni kitu mbaya. Kitu mzuri inashika." Kikombe kikagonga sahani. "Nitafutie losheni haitoki kwa maji, nikuachie mtoto. Bila hiyo, Kocha, uje tu kunywa chai."

Ndivyo tulivyoanza kuchagua. Kwa wiki kadhaa meza yetu ya kulia ilikuwa maabara. Kulikuwa na tyubu za kliniki. Kulikuwa na chupa moja ambayo Kocha aliazima kwa mwogeleaji wa mjini, ya bei ambayo mama aliisikia akacheka mpaka akaketi. Na kulikuwa na za Mama Rukia. Huyu aliuza Majengo, mama wa Kiislamu mcheshi aliyefungua marobota ya mitumba ya nguo za kuogelea na mikoba ya ufuoni, na ndani ya mikoba ile mara nyingi alikuta chupa za losheni ya jua ambazo watu wa huko nje walizisahau, nusu au robo. Alizikamua zote kwenye ndoo moja ya plastiki yenye kifuniko, akapimia watu kwa kijiko. Ilinuka nazi na maua na kitu kingine kikali kidogo. "Hii ndiyo wazungu wenyewe wanatumia kwa bahari," alimwambia mama. "Na jua lao ni hili hili. Chukua, jirani, mpake mwanao asiungue." Sidhani alitaka kumdhuru mtu. Nguo yangu ya kuogelea ilitoka kwenye robota hilo hilo, ya bluu, na alinichagulia mwenyewe yenye mikono mirefu. Ilikuwa imechanika bega moja, tukaishona.

Mama alileta vipande vya kioo kutoka kiwandani. Alipaka kila losheni kwenye kipande chake, akavipanga kwenye gazeti, akajaza karai maji ya uvuguvugu, na kutuita sote tuone. Ya kliniki ilitoka mara moja, maji yakawa meupe. Ya Mama Rukia ilitoka polepole kwa mabakabaka. Ya mwogeleaji wa mjini ilibaki, lakini ilikuwa nyembamba, haikuonekana vizuri, na mama hakuamini kitu asichokiona; alipitisha kidole akasema hakuna kitu hapo. Kisha, kwa kuonyesha tu, akapaka mafuta yake ya kiwandani kwenye kioo cha mwisho na kukitumbukiza. Maji yalijikusanya juu yake matone matone, mazuri, ya duara. Alikitikisa. Matone yaliteleza, mafuta yakabaki.  Nilisogeza uso wangu karibu kabisa na kioo kile, kama ninavyofanya nikitaka kuona, nikaona matone yakiwa na taa yetu ndani yake. Nilikuwa mtoto wa mama yangu. Niliona kitu kilichoshika.

Siku iliyofuata aliyeyusha mafuta kwenye sufuria ndogo juu ya stovu, akamimina losheni ya Mama Rukia na tyubu zangu zote za kliniki, akakoroga kwa mwiko wa ugali hadi ikawa kitu kizito cha rangi ya siagi. Akaipima kwenye kioo. Ilishika. Akaweka kwenye kopo kubwa la kiwandani lisilo na karatasi. Nilipopakwa sikuwa mweupe wa chaki tena, niling'aa. Mama alirudi nyuma hatua moja akaniangalia, na nakwambia alifurahi. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe vitu vyake viwili vilikuwa vimepatana, kunilinda na kuning'arisha. Shiro alipoingia kunichukua alisimama mlangoni.

"Niaje Nasimiyu. Leo unang'aa ka sufuria mpya."

"Wacha," mama akasema, akicheka. "Hiyo sufuria haiungui."

Kocha hakufurahi. Pale timboni alinishika mkono, akasugua kwa kidole gumba, akaangalia kidole. "Hii ni ya jua ama ni ya kukaanga?" Nikamwambia mama ameipima kwa maji. Akaguna. Alikuwa kijana, na mama alikuwa na umri wa mama yake, na kopo lile ndilo lililokuwa ruhusa yangu. Alitusukuma majini.

Kuanzia hapo nikaacha kliniki. Nani aliamua? Hakuna aliyeamua. Siku ya kliniki ilikuwa siku ya mazoezi, na kwa nini nipange foleni asubuhi nzima kuchukua tyubu ambazo tuna kitu bora kuzishinda? Mwanzoni mama alisema tutaenda mwezi ujao. Kisha hakusema. Muuguzi mwenye kidole cha kugusa madoa hakunigusa tena. Tulisahau kwamba losheni ilikuwa nusu tu ya kilichotolewa pale. Nusu nyingine ilikuwa kidole kile.

Shiro ndiye aliyeona kwanza. Tulikuwa tumekaa juu ya jiwe kando ya maji, tukila viazi karai kutoka kwenye gazeti, akasema, "Hapa nyuma ya maskio uko na kidonda."

"Ni kigaga. Nilijikuna."

"Umekuwa nacho tangu siku ya mvua, Nasimiyu. Hii kitu haiponi?"

Nikamwambia kinapona. Kilikuwa kinapona kweli, kila mara, kisha kikifika karibu na kupona kilifunguka tena. Nikilala upande ule niliamka na doa la damu kwenye mto, dogo, la ukubwa wa punje ya maharagwe. Mama aliliona alipokuwa akifua. Hakuuliza. Jioni ile alinipaka mafuta mengi pale nyuma ya sikio, kwa kidole, polepole, akiimba wimbo wa kanisani kwa pua. Ngozi ya pua na mabega yangu ilikuwa imeanza kukaza na kuchubuka chini ya ule mng'ao, lakini mng'ao ulifunika. Mtu aliyeniona kwa umbali wa hatua chache angesema nimetunzwa. Na nilitunzwa. Hilo ndilo linaloniudhi nikikaa kulifikiria: sijawahi kutunzwa kama mwaka ule.

Asubuhi moja nilisikia wanawake bombani. Mmoja alisema, "Lakini Mama Nasimiyu anapeleka huyo mtoto wapi na jua yote hii?" Mwingine akasema, "Amepata dawa yake. Anaipika mwenyewe."  Ndoo ikajaa, ikabadilishwa. Kisha yule wa kwanza, kwa sauti ya chini ambayo hakujua kwamba inanifikia: "Wale wa hivyo huwa hawazeeki." Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayetaja bei ya unga. Nilikaa kitandani nikajishika sikio. Niliogopa siku ile kuliko nilivyowahi kuyaogopa maji meusi ya timboni, na niliogopa zaidi kwa sababu kulikuwa na jua nje, likiingia kwa dirisha na kukaa kwenye sakafu kama mgeni aliyekuja kukaa siku nyingi. Lakini safari ilikuwa imekaribia. Nikajikausha macho na kwenda kupakwa.

Mama alikuja nasi ziwani. Aliomba ruhusa kazini, akavaa gauni lake zuri, akabeba kopo kwenye mkoba likiwa limefungwa kwa leso. Ufuoni, kabla jua halijachomoza vizuri, alinipaka mwili mzima mbele ya watu, bila haya, safu juu ya safu, akageuza masikio yangu na kupaka ndani na nyuma. Nilijua ni kwa upendo. Nilijua pia kwamba mkono wake ulisita alipofika kwenye kigaga, kwa sababu kilikuwa kimekuwa kigumu sasa, kimeinuka. Alisita, akakipaka, akaendelea. "Enda," akasema. "Hii haitoki."

Sitasimulia maji sana. Nilifuata sauti: mikono ya Shiro ikipiga upande wangu wa kulia, na filimbi ya Kocha kutoka kwenye boti. Ziwa lilikuwa na harufu ya matope na samaki na lilikuwa na uvuguvugu ambao timbo halikuwa nao. Jua lilipanda likawa juu ya mgongo wangu, na kwa muda mrefu nilihisi kwamba mkono umewekwa pale, kisha nikahisi kwamba mkono ule unasukuma. Katikati ya maji Kocha alituita kando ya boti tunywe uji kwenye chupa. Alikuwa ameficha tyubu ya kliniki, aliyokwenda kuniombea mwenyewe. Aliinama, akamimina losheni kwenye kiganja, akanipaka bega na shingo, na nilimsikia akivuta pumzi.

"Haishiki," akasema.

Alijaribu tena. Losheni ilikimbia juu ya mafuta kwa michirizi, ikaanguka majini, ikaelea ikituzunguka, nyeupe. Akanipangusa kwa fulana yake, lakini ngozi iliyolowa na mafuta yale havikuachana. "Shiro, angalia mgongo wake," akasema, na Shiro akaangalia, akamrudishia chupa ya uji kabla hajaimaliza.  "Nasimiyu, tutoke," Kocha akasema. "Panda boti." Nikamuuliza kisiwa kiko wapi. Akasema tumepita nusu. Sikuwa nimewahi kupita nusu ya kitu chochote duniani. Nikaachia boti, nikaendelea.

Nilifika. Watu walipiga makofi ambayo niliyasikia kabla ya kuona mchanga. Hilo ni langu na halijawahi kuniponyoka, sijalijutia, na wale wanaotaka nilijutie huwa nawaomba wabadilishe mazungumzo. Lakini jioni, kwenye chumba cha kulala wageni chenye neti iliyotoboka, mabega yangu yaliota malengelenge, midomo ikapasuka, sikio likavimba likawa kitu kizito kilichoning'inia kichwani mwangu na kupiga kama moyo. Nilitetemeka kwa baridi katika joto lile. Mama alifungua kopo akanipaka tena. Hakuwa na kitu kingine. Alinipaka, akinipulizia kwa mdomo kila mahali alipogusa, na kila mara aliniuliza, "Hapa je? Hapa?"

Hospitalini, tuliporudi Nairobi, tulipokewa na daktari mwanamke, kijana, mpole. Alikata kipande kidogo cha kile kigaga wakapime, na majibu yalipotoka akatuita mimi na mama kwenye chumba chenye meza, viti viwili na sinki kwenye kona. Akauliza, "Mmekuwa mkimpaka nini?"

Mama alidhani swali hilo ni la sifa. Niliisikia sauti yake ikinyooka. Akafungua leso, akatoa kopo, akalisukuma mezani. "Nimetengeneza mimi mwenyewe. Inashika hata kwa maji. Daktari, kama hapo kuna maji, unaweza kujaribu."

Daktari hakwenda kwenye sinki. Alifungua kopo, akanusa, akapaka kidogo mkononi mwake, akalisogeza kopo polepole likarudi upande wa mama. Alieleza bila kupandisha sauti. Kinachoshika ni mafuta. Mafuta hayazuii jua. Losheni iliyokuwa ndani ilikuwa kidogo, nyingine imezeeka, na ikichanganywa hivyo inajikusanya hapa na kuacha pale, na pale palipoachwa jua linapita kama dirishani. Hata ile ya kudumu majini hurudiwa, akasema, hakuna isiyorudiwa. Kisha akasema kwamba kile kidonda ni saratani, na kwamba sikio litakatwa.

"Lote?" mama akauliza.

"Sehemu kubwa. Kama mngekuja mapema..." Akaacha hapo. Alikuwa mpole, nimeshasema.

Mama alifunga kopo. Alizungusha kifuniko mpaka kikafika mwisho na bado akaendelea kukaza, nikasikia plastiki ikilia. Akalifunga kwenye leso.  Kesho yake asubuhi hakutupanga mlangoni. Alivaa, akatoka kwenda kazini, na nilimsikia mwanamke mmoja bombani akimwambia, "Mama Nasimiyu, leo umesahau kujipaka?" Naye akajibu, "Nimesahau."

Hilo likawa jibu lake kwa maisha yote. Alifanya kazi katika kiwanda kile mpaka akastaafu, akitumbukiza vioo majini, akinuka mafuta, na hakujipaka tena hata tone. Watu walisema ameingia dini, wengine wakasema amelogwa na wivu. Mimi sikio lilikatwa, likapona, nikarudi kwenye kliniki na kidole cha muuguzi, na leo nina umri ambao yule mama wa bombani alisema hatufikishi. Nilimkasirikia mama, ndiyo, karibu mwaka mzima, kisha hasira ikaisha yenyewe, nami nikamwambia imeisha. Nilimwambia zaidi ya mara moja. Nilimnunulia mafuta kila Krismasi, ya chupa, ya kopo, ya marashi. "Mama, jipake, baridi hii." Alishukuru, akayapokea kwa mikono miwili. Wiki hii tulipofungua kabati lake tuliyakuta yote yamepangwa, hakuna yaliyofunguliwa. Nilifunga kabati nikaenda kukaa nje kivulini. Nililia kwa uchungu kwa sababu nilikuwa nimemsamehe tangu zamani na msamaha wangu ulikuwa umekaa humo kabatini, ukiwa bado umefungwa kifuniko.

"Tumpake," nikamwambia mama mdogo.

Alikuwa na kopo kwenye mkoba, mafuta mazito ya kawaida, kama yale ya kiwandani. Yeye alishughulikia nywele na kitambaa cha kichwa. Mimi nilianza na visigino, nikajaza kila ufa. Nikapanda kwenye muundi, nyuma ya magoti, mikono, kati ya vidole, shingo, uso, na masikio yake yote mawili, ndani na nyuma, jinsi alivyonipaka ufuoni. Hakuwa na namna ya kunikatalia.

"Utamaliza kopo, Nasimiyu," mama mdogo akasema.

"Acha liishe."

Aling'aa. Hata mimi niliona, na sikuhitaji kuinama. Tulimvika gauni, mhudumu akasema gari liko tayari, na nje kulikuwa na jua la saa sita, lile lisilo na kivuli hata chini ya ukuta. Tangu sikio likatwe sijawahi kutoka mlango wowote mchana bila kujipaka losheni, kwa hiyo nilifungua mkoba kwa mazoea, nikaminya kwenye kiganja, na losheni ikateleza juu ya mafuta ya mama ikadondoka sakafuni.

"Haishiki," mama mdogo akasema. Akachukua kitambaa chenye maji. "Leta mikono nikupanguze kwanza."

Nikakataa. Nikamwomba anipake yeye, uso na shingo na kile kipande cha sikio kilichobaki, na akanipaka vizuri, bila haraka. Kisha nikachukua leso ya mama iliyokuja na gauni lake, nikavingirisha mikono yangu yote miwili ndani yake vile ilivyokuwa, na mafuta yake, tukamtoa nje.